Nakala rudufu za zamani hazifutiki: naanzia wapi kutafuta

Diski ya nakala rudufu ikijaa, wengi hukimbilia kufuta kwa mkono. Nawaelewa, maana hifadhidata ikikosa pa kuandika, simu hazikatiki. Lakini ukifuta kwa pupa unafuta na ushahidi. Kwanza orodhesha folda nzima, tarehe na ukubwa wa kila faili, uiweke orodha hiyo mahali pengine. Ndiyo itakayokuambia. Kama faili zote za zamani zipo, kazi ya kufuta (ile iliyopangwa kuondoa nakala za zamani yenyewe) haifanyi kitu kabisa. Kama zimebaki za hifadhidata moja tu, shuku njia ya folda au ruhusa. Kama imezidi faili moja, huenda hakuna kosa lolote, ni hesabu ya siku tu.

Kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, mpango wa matengenezo hufuta kwa kuita `xp_delete_file`, na amri hii ni kimya mno. Isipokuta cha kufuta hailalamiki; historia ya kazi inaendelea kuonyesha alama ya kijani kila usiku. Niliwahi kukaa na mwenzangu mbele ya historia ya namna hiyo, kijani tupu, na folda imejaa faili za miezi mitano. Kosa lilikuwa nukta. Kwenye nafasi ya kiendelezi (herufi za mwisho za jina la faili) aliandika `.bak`, na kinachotakiwa ni `bak`. Tukaitoa nukta, tukaiendesha kazi upya, faili zikaanza kupungua tukiziangalia.

Nukta ikiwa sawa, angalia kina cha folda. Lile chaguo la kujumuisha folda ndogo huteremka ngazi moja tu. Ukiwa umepanga folda ya seva, ndani yake ya hifadhidata, ndani yake tena ya aina ya nakala, ukielekeza kazi kwenye folda ya juu kabisa haitafika kwenye faili. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: amri hii husoma mwanzo wa faili kuhakikisha kweli ni nakala ya SQL Server. Faili uliyoibana mwenyewe kwa zip, hata ukiipa jina linaloishia na bak, itaachwa. Na ruhusa inayohesabika ni ya akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server, si yako. Kwamba wewe unaweza kuifuta faili hiyo kwa kubofya hakuthibitishi chochote.

Kwenye Linux, kazi hii mara nyingi hufanywa na mstari mmoja wa `find`, amri ya kutafuta faili:

`find /backup -name '*.sql.gz' -mtime +7 -delete`

Hapo `+7` haina maana ya "kuanzia siku saba". `find` huhesabu saa 24 nzima na kutupa kipande kinachobaki, kwa hiyo faili yenye siku 7 na saa 23 inahesabiwa kuwa na siku 7, na 7 si zaidi ya 7. Inabaki hadi itimize siku nane. Ukitaka usahihi, tumia dakika: `-mmin +10080`. Weka alama za nukuu kwenye jina, usiache nyota ikatafsiriwa na sheli (programu inayosoma amri unazoandika) kabla `find` haijaiona. Na tafadhali, `-delete` iwe mwisho. Ukiitanguliza inafuta kila inachokutana nacho kabla ya kuuliza jina wala umri. Mimi huendesha kwanza na `-print`, nasoma orodha, ndipo nabadilisha.

Amri ikifanya kazi kwa mkono lakini si kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux), tafuta alama ya `%`. Ndani ya crontab, faili ya ratiba hiyo, hugeuka kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` inakatwa katikati usipoitanguliza kwa mkwaju wa nyuma (`\`). Na kama faili zimefutika lakini `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inaonyesha diski imejaa, kuna programu inayoishikilia faili iliyofutwa. Amri ya `lsof +L1` itakuonyesha ni ipi.

Yote hayo ni makosa ya faili kutofutika, na diski iliyojaa angalau inajitangaza. Linaloninyima usingizi ni la upande wa pili: kazi ya kufuta inayofanya kazi vizuri sana.

Nilikabidhiwa seva moja ya MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ambayo folda yake ilikuwa safi kabisa, faili nane, kila siku moja. Nikaangalia ukubwa. Kila moja ilikuwa na baiti 20. Baiti 20 ndizo `gzip`, programu ya kubana faili, huandika isipopewa kitu cha kubana. Nenosiri la mtumiaji wa nakala lilikuwa limebadilishwa, `mysqldump`, amri ya kutoa nakala, ikakataliwa mlangoni, lakini kwenye bomba (alama ya `|` inayopitisha matokeo ya amri moja kwenda nyingine) sheli hurudisha matokeo ya amri ya mwisho, na `gzip` yenyewe ilikuwa imefaulu. Kila usiku faili tupu moja iliingia, nakala nzima moja ikafutwa kwa sababu ya umri, hadi zikaisha. Nakala ya mwisho iliyokuwa na data ndani ilikuwa imefutwa usiku uliotangulia. Hifadhidata yenyewe ilikuwa hai, kwa hiyo tulitoa nakala mpya papo hapo, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Tangu siku hiyo skripti zangu zote za bash huanza na `set -o pipefail`, inayofanya bomba zima lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa. Siridhiki na `gzip -t`, inayokagua kama faili iliyobanwa ni nzima, kwa sababu faili ile ya baiti 20 inaufaulu mtihani huo bila shida. Nasoma mstari wa mwisho wa nakala na kutafuta maneno `Dump completed`. Yasipokuwepo, skripti inasimama pale pale, inatuma ujumbe, na hatua ya kufuta haifikiwi. Na hata yakiwepo, nakala tatu za mwisho zilizopita ukaguzi hazifutwi, ziwe na umri wowote.