Kuganda kwa miguu kwa mwenye Parkinson, na kazi ya kiashiria

Kuganda ni pale miguu inapogoma ghafla kuondoka sakafuni ilhali mwenyewe anataka kutembea. Humpata mtu mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoathiri mwendo, hasa unapokomaa, na mara nyingi huisha baada ya sekunde chache. Wengi husema ni kama nyayo zimepakwa gundi. Si udhaifu wa misuli: mtu aliyeganda mlangoni huenda akapanda ngazi bila shida.

Kisa kimo ubongoni. Kwa kawaida hatufikirii hatua zetu. Sehemu za ndani ya ubongo zinazotegemea dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni, ndizo zinazopima ukubwa wa kila hatua na kuzipanga zifuatane. Dopamini ikipungua, hatua hufupika, huanza kukimbizana, kisha hukwama. Hutokea zaidi mtu anapoanza kuondoka, anapogeuka, anapopita pembamba, au anapotembea huku akijibu swali.

Hapo ndipo kiashiria kinapoingia: alama au mdundo wa nje unaomfanya mtu apige hatua kwa kukusudia, asiiachie ijiendee yenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kubandika sakafuni vipande vya utepe wa rangi inayoonekana wazi. Vikatize njia, visiifuate kwa urefu, na viachane kwa kipimo cha hatua nzuri ya mtu mwenyewe. Kwa wengi ni sentimita 40 hadi 60. Wengine husaidiwa zaidi na mdundo wa metronomi, yaani kifaa kinachopiga mdundo wa kasi isiyobadilika. Hesabu hatua za mtu kwa dakika moja anapotembea vizuri, kisha weka mdundo hapo au chini yake kidogo. Mdundo ukiwa wa kasi mno, hatua hufupika tena na kuganda hurudi.

Akishaganda, asiulazimishe mguu. Asimame kabisa, anyooshe mgongo, ahamishe uzito kulia na kushoto mara mbili tatu, kisha uzito ukiwa upande mmoja, mguu wa pili upige hatua moja kubwa. Kosa la wasaidizi wengi, tena la nia njema, ni kumvuta mkono: kiwiliwili hutangulia, nyayo hubaki, naye huanguka. Kumwambia “haraka” nako huzidisha kukwama.

Kugeuka kunastahili mazoezi yake. Penye nafasi, azunguke kwa duara pana. Pakibana, ajione amesimama katikati ya saa ya ukutani iliyolazwa chini: anyanyue miguu kwa zamu kuelekea tarakimu 3, kisha tarakimu 6, asijipinde kwa mguu mmoja.

Mazoezi ya nguvu, mizani na stamina yanabaki palepale, jumla ya dakika 150 kwa wiki kwa anayeweza. Yafanyike dawa ikiwa inafanya kazi. Kwa wengi ni kama saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kizunguzungu cha kuinuka kisipuuzwe, kwani shinikizo la damu huweza kushuka mtu anaposimama.

Fremu ya kutembelea isiyo na magurudumu ichaguliwe kwa tahadhari. Kila inapoinuliwa mwendo hukatika, na kila hatua inakuwa ya kuanza upya, yaani palepale miguu inapopenda kuganda.