Safari ya iPhone hadi Kisumu: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Tufaha lililoumwa pembeni limechorwa juu ya milango ya maduka mengi ya simu, Nakuru hadi Kisumu. Wanunuzi hulichukua kama cheti. Tuanze hapo.

Dhana: Duka lenye tufaha ni duka la Apple

Apple, kampuni inayounda iPhone, haina duka lake hata moja barani Afrika. Ilifungua maduka yake mawili ya kwanza Marekani mnamo Mei 2001; India, pamoja na ukubwa wote wa soko lake, ilisubiri hadi Aprili 2023. Duka lake la mtandaoni nalo haliuzi Kenya. Tufaha la mlangoni ni kazi ya mchoraji tu.

Ukweli ni kwamba kampuni hii huuza zaidi kwa mikono ya wengine. Katika mwaka wake wa fedha wa 2024, asilimia 38 ya mauzo ilipita katika maduka na mitandao yake yenyewe, na asilimia 62 ikapita kwa kampuni za simu, wauzaji wa jumla na wa rejareja. Kwa hivyo simu iliyoko kwenye kabati la kioo Oginga Odinga Street ina njia mbili za kufika pale. Ya kwanza ni ya mkataba: Apple humuuzia msambazaji wa eneo, naye humuuzia muuzaji aliyeidhinishwa. Ya pili ni ya mfanyabiashara anayenunua Dubai, analeta Nairobi kwa ndege, kisha kifurushi kinapanda basi la Kisumu. Simu zenyewe zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja, siku moja. Kilicho tofauti ni karatasi zinazoandamana nazo, na karatasi hizo ndizo utakazozihitaji siku simu ikigoma kuwaka.

Kumjua muuzaji wa njia ya kwanza, ingia locate.apple.com, chagua nchi, kisha utafute jina la duka. Asipokuwepo, si lazima awe tapeli. Ina maana tu kwamba ahadi zote ni zake yeye, si za kampuni.

Dhana: Ikiwa ni orijino, waranti inaifuata popote

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi. Waranti ya kawaida ni mwaka 1, lakini masharti yake yanairuhusu Apple, kwa iPhone na iPad, kuihudumia simu katika nchi ilikouzwa mara ya kwanza pekee, ama na yenyewe au na wasambazaji wake. Simu ya Dubai si feki, ila fundi aliyeidhinishwa ana haki ya kukurudishia mkononi.

Kinachobaki ni "waranti ya duka". Iulize maswali kabla ya kutoa pesa: ni miezi mingapi? Inagusa kioo, betri au bodi? Nani analipia kuipeleka Nairobi na kuirudisha? Ikishindikana, napewa nyingine au nasubiri? Majibu yaandikwe kwenye risiti, pamoja na IMEI, yaani namba ya kipekee ya simu hiyo. Risiti iliyoandikwa "iPhone moja" peke yake haithibitishi chochote, kwa sababu muuzaji anaweza kusema simu uliyorudisha si aliyokuuzia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamfunga muuzaji kutoa bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini hata sheria inahitaji ushahidi.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika 10. Piga *#06# na ulinganishe IMEI na ile ya kwenye boksi na ile ya ndani ya Settings, General, About. Hapo hapo chukua Serial Number uiweke checkcoverage.apple.com. Ukiambiwa simu ni mpya lakini waranti inaisha baada ya miezi 4, imeshatumika kama miezi 8. Kisha soma Model Number. Herufi ya kwanza ikiwa M, iliuzwa mpya; F, ilirekebishwa na Apple na kuuzwa tena; N, ilitolewa badala ya simu iliyoharibika; P, ilichongwa jina la mtu. Herufi zilizo kabla ya mkwaju (/) hutaja soko: LL ni Marekani, B Uingereza, HN India, CH China bara. Simu inayonadiwa kuwa "ex-UK" (iliyotumika Uingereza) huku ikiwa na LL imeshaanza kukudanganya.

Dhana: Ya Marekani ndiyo kali

Ina kasoro mbili kubwa kwa mtu wa huku. Tangu iPhone 14 ya 2022, simu za soko la Marekani hazina kabisa nafasi ya laini ya kadi. Ni eSIM tupu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Kuanzia iPhone 17 ya 2025, za Falme za Kiarabu nazo ni hivyo, kwa hiyo "nimeitoa Dubai" si jibu tena. Safaricom na Airtel hutoa eSIM, na M-Pesa inafanya kazi vizuri tu. Shida huja simu ikizimika ukiwa njiani: huwezi kuchomoa laini ukaitia kwenye kabambe (simu ndogo ya vitufe) ili utume pesa. Mpaka laini ihamishwe rasmi. Mwenye biashara ya kutegemea laini moja apime hilo.

Ya pili ni kufungwa kwa mtandao. Tangu 2007, AT&T ilipopewa iPhone peke yake nchini Marekani, kampuni nyingi za simu za huko zimekuwa zikiuza kwa mkataba na kuifunga simu, mara nyingi hadi mteja amalize kulipa. Kwenye About, tafuta Carrier Lock: inapaswa kusema "No SIM restrictions". Anayeweza kuifungua ni kampuni iliyoifunga, hakuna mwingine. Wapo wanaobandika kijichipu chembamba chini ya laini ili simu ishike mtandao. Kinafanya kazi dukani, kisha huweza kufa ukisasisha programu. Simu ikiwa na trei ya laini, ivute uangalie.

Dhana: Plastiki haijafunguliwa, basi ni mpya

Tangu iPhone 13 ya 2021, boksi halivikwi plastiki. Lina utepe wa karatasi unaochanwa. Plastiki juu ya boksi la 15 au 16 imewekwa na mtu mwingine.

Dhana: Iliyoundwa India ni ya daraja la pili

Hapana. Uunganishaji India ulianza 2017, na simu za huko huuzwa pia Marekani na Ulaya.

Dhana: Bei ya Kisumu ni tamaa ya mwenye duka

Mara nyingine ni kweli, hasa wiki za kwanza toleo jipya likitoka. iPhone 15 ilianza kuuzwa Falme za Kiarabu tarehe 22 Septemba 2023, siku moja na Marekani, na anayewahi kuileta huku hutoza uharaka wake. Lakini dola 799 za tangazo lake la Marekani mwaka huo hazikuwa na hata kodi ya mauzo ya huko. Huku kuna ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, ulioletwa kwa asilimia 10 na Sheria ya Fedha ya 2022, kisha VAT ya asilimia 16, na kila kimoja hukaa juu ya mwenzake. Kwa viwango hivyo, simu iliyofikia shilingi 100,000 baada ya forodha huongezwa 10,000, halafu VAT hupigwa kwa 110,000: shilingi 17,600, si 16,000. Bado nauli ya basi na kodi ya chumba.

Kwa hiyo iliyo chini ya wenzake kwa elfu 30 ina sababu. Kama si ya magendo au ya kufungwa mtandao, huenda ni ya mkopo ambao haujaisha. Fungua Settings utazame juu kabisa: maneno "This iPhone is supervised" yanamaanisha kuna mtu wa mbali anayeweza kuifunga siku yoyote, na mara nyingi kufuta data zote hakumwondoi. Na kama muuzaji hawezi kutoka kwenye akaunti ya Apple (Apple Account, zamani Apple ID) iliyomo, hapo hapo mbele yako, mwachie simu yake.