Trio ya gitaa katika jazi ya fyusheni: maana yake na namna ya kuisikiliza

Trio ya gitaa, kwa maana iliyozoeleka zaidi, ni watu watatu: mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga dramu. Jina hilo hupewa pia magitaa matatu matupu, kama walivyopiga John McLaughlin, Al Di Meola na Paco de Lucía mjini San Francisco, Disemba 1980, lakini hapa tunaikusudia ile ya mwanzo. Fyusheni ni jazi iliyochanganywa na vyombo vya umeme na mapigo ya roki na fanki, tokea mwishoni mwa miaka ya 1960.

Aliyekulia na taarab ya Unguja tayari anao ufunguo wa muziki huu. Bashraf, kipande cha kufungulia taarab, nayo ni ala tupu, na msikilizaji hujua alipofika kwa kuingoja taslimu, ile sehemu inayorudi baada ya kila kipande. Jazi ina wimbo mkuu, hupigwa mwanzo na mwisho, na baina yake ndipo huingia solo, yaani zamu ya mpigaji mmoja kubuni papo hapo.

Wengi hupotea hapo, kwa sababu huisikiliza solo kama taksimu. Taksimu ya udi au kanuni kwa kawaida haifuati mapigo. Mpigaji hutembea ndani ya maqam, yaani mpangilio wa noti aliouchagua, apendavyo. Solo ya jazi mara nyingi hupita juu ya mzunguko uleule wa wimbo mkuu, wa vipimo (mafungu ya mapigo) 12 au 32, kisha huanza tena. Kwa hiyo gitaa likiingia kwenye solo, wewe endelea kuuimba wimbo mkuu moyoni. Ukimaliza mzunguko pamoja nao, utasikia dramu zikiutia alama mwisho wake.

Uzuri wa trio umo katika uchache wake. Hakuna kinanda cha kujaza nafasi. Mpiga gitaa akipiga uzi mmoja mmoja, besi peke yake ndiyo inayokuonyesha wimbo uko wapi. Besi ikipokea solo, gitaa hurudi nyuma na kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja, kidogo kidogo. Wepesi wa vidole usikubabaishe. Kipimo cha trio ni namna watatu hawa wanavyopishana.

Ndiyo maana spika ya simu haifai kabisa. Uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuitoa sauti hiyo. Tumia visikilizio vinavyoziba sikio vizuri.

Kwenye wimbo wenye mapigo saba kwa kila kipimo, mara nyingi unaweza kuyagawa mafungu ya mbili, mbili, tatu: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Usiyahesabu kwa kishindo cha dramu, maana mpigaji hukihamisha kwa makusudi, ifuate besi.

Albamu nzuri ya kuanzia ni Bright Size Life ya mpiga gitaa Pat Metheny, iliyorekodiwa Disemba 1975, Bob Moses akiwa kwenye dramu. Haifiki dakika 40. Besi ya Jaco Pastorius haina vyuma vya kugawa shingo, sawa na udi, kwa hiyo sauti huteleza kutoka noti hadi noti, na sikio la taarab litaitambua mara moja. Isikilize yote kwa mpangilio wake, kisha irudie ukifuata besi tu. Mara ya tatu fuata matoazi.