Kabla ya Kumwita Mtoto Mkorofi: Kuisoma Tabia ya Mtoto wa Chekechea

Malalamiko kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 5 yanazidi kutufikia, na mengi huja yakiwa na hukumu tayari: mtoto ni mwongo, ni mchoyo, ni mkaidi. Tunawaomba wazazi na walimu wauzingatie kwanza umri.

Mtoto wa miaka 4 anaangua kilio kwa sababu maji ya mwenzake yamemiminwa katika glasi ndefu na nyembamba, ilhali yake yamo kwenye kikombe kipana, ingawa yalipimwa sawasawa mbele ya macho yake. Mwanasaikolojia Jean Piaget alieleza kwamba kati ya miaka 2 na 7 mtoto huamua kwa kinachoonekana, yaani kimo cha maji, na bado hawezi kuyarudisha kwa mawazo kwenye chombo yalikotoka. Huo si uchoyo, na kumchapa hakumfundishi vipimo. Kadhalika, anayejisemea huku akipanga vitofali, "hiki hapa, hapana, kile kikubwa," hafanyi fujo. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky aliyaona maneno hayo kuwa nyenzo ya kujiongoza, ambayo baadaye hugeuka kuwa fikra za kimyakimya. Anyamazishwe kwa kosa gani?

Dai kwamba kuieleza tabia ni kuidekeza halina msingi, na inachosha kulisikia kila kikao. Mtoto anayempiga mwenzake huzuiwa papo hapo. Hata hivyo, asizuiwe kwa kipigo: katika jaribio la mwanasaikolojia Albert Bandura lililochapishwa mwaka 1961, watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere waliyaiga mapigo yale yale.

Kuhusu kumbukumbu za uangalizi, mwalimu aandike tarehe, saa na mahali, kisha, kwa sentensi tofauti, kilichotangulia, alichofanya mtoto na kilichofuata. "Alikuwa mkorofi" haikubaliki. "Alimsukuma mwenzake kwa mikono miwili baada ya kunyang'anywa kitofali" inakubalika. Tukio moja halitoshi, kwa hiyo uangalizi ufanyike siku na saa mbalimbali, aliyeshuhudia ndiye atie saini, na kumbukumbu zisionyeshwe kwa wazazi wa watoto wengine.

Ieleweke kwamba mipaka hiyo ya umri ni makadirio, wala nadharia hizi hazichukui nafasi ya uchunguzi wa kitabibu. Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au asiyeitika anapoitwa jina lake, apelekwe kwa daktari bila kungoja kumbukumbu zikamilike.