“Used to” na “would”: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote madarasani, Mtwara mjini hadi Nachingwea, ni kwamba “used to” ya Kiingereza maana yake ni kuzoea. Ndipo mwanafunzi anaandika “I am used to eat cassava when I was a child”, akiamini ameeleza kuwa utotoni alikuwa akila mihogo. Hapo amegonganisha miundo miwili. “I used to eat cassava” ni nilikuwa nikila, enzi hizo. “I am used to eating cassava” ni nimezoea, hata leo ukinipikia nakula. Katika huu wa pili, kitenzi hubeba -ing, au hukaa nomino tu: “I am used to the heat of Lindi”. Ukiona am, is, are, was au were mbele ya “used to”, jua ni mazoea. Isipokuwa panapotajwa matumizi ya kifaa: “This knife is used to open cashew nuts”. Kisu cha kubangulia korosho hakijazoea chochote.

Wapo wanaosema “would” na “used to” ni kitu kilekile, ila “would” ni ya wasomi. Si kweli, na historia ya Kusini inatosha kuonyesha tofauti. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mabasi ya Dar yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. “The buses used to cross by ferry” ni sawa. “Before 2003, the buses would cross by ferry” nayo ni sawa, maana kuvuka ni tendo, na lilikuwa likijirudia.

Sasa chukua ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, iliyofika hadi bandari ya Mtwara na kufungwa miaka ya 1960. “There used to be a railway in Mtwara” ni sahihi. Ukiandika “There would be a railway”, msomaji anabaki kuuliza: ingekuwapo kama nini? Kuwapo ni hali, na hali za zamani hazichukui “would”. Ndivyo zilivyo know, like, own na live. Hata kwa matendo, “would” inataka wakati uwe umeshatajwa. Wasimulizi wazuri hufungua kwa “used to”, kisha “would” ndiyo inayoendelea na hadithi.

Wengine huikwepa past simple, yaani wakati uliopita wa kawaida kama “played”, wakidhani haiwezi kubeba mazoea. Inaweza sana: “We played on the beach at Mikindani every evening”. Tena ukihesabu mara au kutaja muda wote uliokaa mahali, ni yenyewe tu: “I lived in Masasi for six years”. “I used to live in Masasi for six years” ni kosa.

Kwenye swali, d inahamia kwenye did: “Did you use to fish?” Sikio halisikii tofauti, ndiyo maana hata Waingereza wenyewe huikosea kwa maandishi. Kwa kukanusha, “I never used to fish” inakuepusha na mtego huo.

Na “use to” si hu- yetu ya kila siku. “I use to wake up at six” haipo. Andika “I usually wake up at six”.