Dawa ya meno isiyo na floraidi: kabla hujaibadilisha

Ukanda wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara una visima vyenye floraidi nyingi, na meno ya kahawia si kitu kigeni huko. Ndiyo maana wengi huulizia dawa ya meno isiyo na madini hayo. Hofu yao naielewa, ila wanamshuku asiyehusika.

Madoa yale huingia utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, mtoto akimeza floraidi kupita kiasi siku hadi siku: maji ya kisima, tena na magadi kwenye makande. Mtu mzima anayepiga mswaki na kutema hayapati. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Hangaikeni na kisima kwanza.

Tindikali ni habari nyingine. Soda ya kola, ndimu, ukwaju, embe bichi la chumvi na pilipili, vyote hulainisha enameli, gamba gumu la nje ya jino. Hapa bakteria hawahusiki, kwa hiyo hata meno yasiyo na tundu hata moja hulika. Dalili tunazoziona: ncha za meno ya mbele zimekuwa nyembamba hadi zinapitisha mwanga, au kwenye jino lililozibwa zamani, kizibo kimechomoza kwa kuwa jino lenyewe limepungua pembeni yake. Mgonjwa husema meno yanamwingia ganzi hata kwa maji baridi.

Floraidi husaidia madini yaliyomo kwenye mate kurudi kwenye gamba hilo, nalo likawa gumu zaidi. Ukiiacha, unajinyima kinga hiyo. Dawa za meno za mkaa ndizo sizipendi kabisa, maana nyingine hukwangua meno.

Hata hivyo, hakuna dawa itakayoshinda chupa ya soda inayonywewa funda moja moja kutwa nzima. Bora uimalize mara moja, pamoja na chakula. Kisha sukutua kwa maji, mswaki usubiri angalau nusu saa. Aliyetapika naye afanye hivyo hivyo, maana matapishi nayo yana tindikali, wajawazito hasa.

Kwenye boksi tafuta floraidi ya ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 punje ya njegere, na mzazi asimame pale ahakikishe anatema.