Ng'ombe 11 wa Ileje wamelala: dhana potofu kuhusu fonti za darasani

Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, steshenari za Mwanjelwa, hapa Mbeya, hujaa walimu. Mmoja ana flashi yenye chati ya alfabeti, mwingine majina ya watoto ya kubandika kwenye madawati, mwingine maandishi ya kona ya kusoma. Kwenye foleni hizo tunashauriana sana kuhusu fonti zile za kuchezacheza, zenye sura ya kuchorwa kwa mkono. Tunadanganyana sana pia.

"Ikiwa na sura ya kitoto, watoto wataisoma tu"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Fonti nyingi za namna hii zilichorwa kwa ajili ya kadi na matangazo, na aliyezichora alimfikiria msomaji anayejua kusoma tayari. Mtoto wa darasa la kwanza bado anazoeana na herufi moja moja.

Anza na a, maana Kiswahili hakina herufi inayotumika kuishinda. Ziko fonti zenye a ya magazetini, ile yenye kikonyo kilichopinda juu ya tumbo. Ziko zenye a ya ubaoni, duara na kijiti chake. Kama umemfundisha mtoto ya ubaoni kisha ukamtundikia chati yenye ya magazetini, umemletea herufi mpya bila kumtambulisha. Mtu mzima haoni tofauti. Mtoto anaiona, na hana namna ya kukuuliza. Angalia na g pia: ile yenye matumbo mawili yaliyoshikana haifanani hata kidogo na unayoiandika kwa chaki.

Ndiyo maana sichagui fonti kwa sentensi ya Kiingereza inayokuja nayo kama sampuli. Ninachapa hii: "Ng'ombe 11 wa Ileje wamelala." Ni sentensi ya kijinga, lakini ina mitego yote. Ileje, kama Ilomba na Ilemi zetu za hapa jijini, inaanza na I kubwa ikifuatwa na l ndogo. Kwenye Arial hizo ni fimbo mbili zilizosimama, basi. Tarakimu 11 inakuonyesha kama moja nayo imekuwa fimbo ya tatu. Halafu kuna kile kialama cha ng'. Baadhi ya fonti za mapambo hazina kabisa, kwa hiyo kompyuta inaazima cha fonti nyingine au inaweka kiboksi kitupu. Nyingine zinacho, ila kimerushwa mbali hadi mtoto anasoma "ng" kisha "ombe". Kwetu ile ni sauti, haiwezi kuachwa kwa bahati.

Kama shule inaandaa siku ya utamaduni na mnataka wimbo wa Kinyakyusa ukutani, kazi inaongezeka. Baadhi ya maandishi ya lugha hiyo yana ɨ na ʉ, na fonti nyingi za kuchorwa kwa mkono hazina herufi hizo. Hapo mimi hutumia Andika. Ndiyo, jina lake ni hilo neno letu. Ilitengenezwa na shirika la SIL mahsusi kwa watu wanaojifunza kusoma, ni ya bure, a yake ni ya ubaoni, na I haigombani na l. Haichekeshi kama zile nyingine, nakubali. Mapambo nayaweka pembeni ya karatasi, herufi naziacha zitulie.

"Comic Sans ni aibu"

Walimu vijana waliopitia mitandaoni hurudi na hukumu hii. Vincent Connare aliichora fonti hii akiwa Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona programu yenye mbwa wa katuni anayeongea kwa herufi za Times New Roman, akaona mbwa hapaswi kuongea vile. Lawama zilikuja baadaye, watu walipoanza kuitumia kwenye mambo mazito yasiyoihusu. Darasani ina a ya ubaoni, g ya kawaida, I yenye vikofia juu na chini, na imo tayari kwenye kompyuta nyingi zenye Windows. Aibu iko wapi?

"Saizi 72 ni kubwa, itaonekana"

Itaonekana na wa dawati la mbele. Watengeneza mabango huhesabu kimo cha kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtoto aliye mita 6 kutoka ukutani anahitaji herufi ya sentimita 5. Sasa, 72 kwenye kompyuta ni inchi moja, lakini hiyo ni nafasi nzima, pamoja na mikia na pengo. Herufi kubwa yenyewe huchukua kama asilimia 70 ya nafasi hiyo, yaani haifiki sentimita 2. Kupata sentimita 5 unahitaji saizi kama 200, na kwenye A4 iliyolazwa litaingia neno fupi tu. Nunua manila.

"Nyembamba zenye madoido hupendeza kukata"

Kwenye skrini, sawa. Mpe mtoto mkasi butu na kipande cha boksi uone. Chagua nene, zenye kona za mviringo, na uziachanishe. Kama mnatoboa kiolezo cha kupaka rangi, kumbuka kwamba tumbo la a, b, d, e, g, o na p litadondoka, hivyo acha vidaraja viwili vya kulishikilia.

"Fonti ya mwandiko inafundisha kuandika"

Inaonyesha herufi iliyokwisha kuandikwa. Mkono unaanzia wapi na unaelekea wapi, hiyo ni kazi yako na chaki.

"Ya bure ni ya bure"

Fungua lile faili dogo la maandishi linalokuja na fonti. Nyingi huruhusu matumizi binafsi tu, kwa hiyo ukichapa fulana za mahafali na kuziuza, umevuka mpaka. Zenye leseni ya OFL, yaani leseni huria ya fonti, Andika ikiwemo, hukuruhusu kuuza ulichotengeneza kwazo. Usiiuze tu fonti yenyewe peke yake.

"Nilivyoiona kwangu ndivyo itakavyotoka"

Hii nimeilipia. Niliandaa chati usiku kucha, kurasa 24, moja kwa kila herufi ya alfabeti yetu, kwa fonti niliyoipakua mwenyewe. Nikapeleka faili la Word steshenari, nikaacha, nikaenda sokoni kununua viazi. Kurudi nakuta kila kitu ni Calibri, kila a ni ya magazetini. "Mwalimu, ndivyo ilivyotoka kwenye mashine," dada wa pale akaniambia, na hakukosea. Fonti ilikuwa kwenye kompyuta yangu, haikuwa kwenye yake, basi Word ikachukua iliyoikuta. Ningehifadhi kama PDF, fonti ingesafiri ndani ya faili. Nikalipa kurasa zote 24. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, watoto wakachorea ng'ombe.